Kati ya Saa Sita na Saa Tisa: Sayansi ya Kuunganisha Amplifaya na Kicheza Rekodi

Maneno "sita" na "tisa" yana irabu zile zile, i na a, na konsonanti zile zile, s na t. Kinachoyatenga ni mpangilio wa konsonanti hizo tu. Watu wawili wanaozungumza chini ya mti hawayachanganyi, kwa maana sikio la mwanadamu ni hodari katika kazi hiyo. Lakini tangazo lile lile likipitishwa katika kipaza sauti kilichounganishwa vibaya, s huzama katika mvumo, na kile kimya kifupi kinachoitangulia t hujazwa na kelele. Wasikilizaji hupata "i" na "a", basi. Mama aliyetakiwa kumleta mtoto kwenye chanjo saa sita mchana hufika saa tisa, akamkuta muuguzi anafunga sanduku lake.

Katika hali kama hiyo, lawama aghalabu huangukia mambo mawili: ama chombo ni kibovu, ama sauti ilikuwa ndogo. Ndipo fundi huongeza sauti, na mambo huzidi kuharibika. Ukweli ni kwamba mara nyingi chombo ni kizima na sauti ni kubwa ya kutosha. Kosa liko mahali padogo sana, penye urefu wa kidole, pale ambapo plagi ya kicheza rekodi huingia katika tundu la amplifaya.

Mkutano katika uwanja wa shule

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya somo hili, lakini hakuna sehemu yake ambayo haitokei. Mahali ni Qurus, katika Wilaya ya Karatu, kwenye nyanda za juu zilizo kati ya ukuta wa Bonde la Ufa na msitu wa Ngorongoro. Ni nchi ya mahindi, ngano na mbaazi, yenye upepo, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw. Watu wamekusanyika katika uwanja wa shule. Juu ya meza ipo amplifaya, na juu ya nguzo mbili zimefungwa spika za umbo la tarumbeta. Kabla ya mkutano kuanza imepangwa kusikilizwa rekodi iliyomo katika simu ya mkononi. Ni sauti ya mzee mmoja aliyekwisha fariki, akinena slufay, yaani maombi ya kimapokeo ya Wairaqw ambayo mzee huyanena fungu kwa fungu na umati ukaitikia.

Jambo hilo lina uzito wa pekee. Kuitikia hakuwezekani kama mwisho wa fungu hausikiki. Tena Kiiraqw ni lugha yenye konsonanti ambazo Kiswahili hakina. Q iliyo mwanzoni mwa jina Qurus hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa, na sl iliyo mwanzoni mwa neno slufay ni mvumo wa pumzi unaopita ubavuni mwa ulimi. Sauti hizo ni hafifu na za muda mfupi, nazo ndizo za kwanza kupotea.

Kijana anayehudumia vyombo anachomeka waya wa simu katika tundu lililoandikwa MIC. Spika zinanguruma kama lori linalopanda mlima. Anapunguza sauti kwenye amplifaya. Ngurumo inakuwa ndogo, lakini ni ile ile. Anachukua waya mwingine na kuuchomeka katika tundu jingine lenye alama ya LINE. Sasa hakisikiki kitu. Akijaribu wimbo wa kwaya uliomo katika simu hiyo hiyo, kinanda na ngoma zinasikika, bali waimbaji hawapo.

"Mwalimu," anauliza mzee mmoja aliyeketi mbele, "ina maana sauti ya marehemu imefutika?"

"Hapana, mzee," anajibu mwalimu wa fizikia. "Sauti ipo. Ni sisi tunaoipitisha mlango usio wake."

Jibu hilo ni sahihi, na sababu zake zimo katika vitabu vya fizikia vya sekondari.

Jina moja, vyombo vitatu

Katika mazungumzo ya kila siku neno "kipaza sauti" hubeba mzigo wa vyombo vitatu. Mtu huambiwa, "Sema kwenye kipaza sauti," naye akashika maikrofoni. Huambiwa, "Fungeni kipaza sauti juu ya mti," na kinachopanda mtini ni spika. Huambiwa, "Zima kipaza sauti," na mkono huenda kwenye sanduku lenye vifundo, yaani amplifaya. Maadamu jina ni moja, mtu hudhani kwamba chombo ni kimoja na kwamba tundu lolote ni sawa na jingine. Fundi mzuri huanza kwa kuvitenganisha.

Maikrofoni hugeuza mitetemo ya hewa kuwa mitetemo ya umeme. Spika hufanya kinyume chake. Katikati yake hukaa amplifaya, ambayo kazi yake haieleweki vema na wengi. Amplifaya haivuti wala hainyooshi umeme mdogo uwe mkubwa. Inachukua umeme mwingi kutoka katika gridi au betri, kisha inauruhusu upite kwa kiasi kinachoamriwa na ule umeme mdogo. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, hufanya vivyo hivyo shambani. Yeye hayainui maji kwa mikono yake. Hufungua na kuufunga mlango wa mfereji, na nguvu ndogo ya mkono inatawala maji mengi. Lakini mfereji una kingo. Akifungua mlango kupita kiasi, maji hayaongezeki shambani, bali hufurika na kuharibu. Kingo hizo ndizo siri ya ngurumo iliyosikika Qurus.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1915 huko California, Marekani, Peter Jensen na Edwin Pridham waliwasikilizisha maelfu ya watu kwa kutumia spika ya tarumbeta waliyoiita Magnavox. Hapa nchini somo kubwa zaidi lilitoka katika kampeni za elimu ya watu wazima. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwaunganisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi vidogo, ambavyo kila kimoja kilisikiliza matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kikasoma kijitabu, na kujadiliana chini ya kiongozi wake. Kikundi cha watu wachache kikiizunguka redio ndogo hakihitaji amplifaya nyingine. Mafanikio ya namna hiyo hayakutegemea ukubwa wa sauti, bali kueleweka kwa neno. Kipimo hicho hicho ndicho cha kuuhukumia uwanja wa Qurus.

Kosa la kwanza: mlango usio wake

Maikrofoni ya kawaida, mtu akisema karibu nayo, hutoa umeme wa milivolti chache, tuseme milivolti 3. Tundu la MIC limetengenezwa kupokea kiasi hicho. Simu, redio ya kaseti au deki hutoa umeme mkubwa zaidi, kwa kawaida kama volti 0.3, yaani milivolti 300. Gawanya 300 kwa 3, na jibu ni 100. Kijana wa Qurus alikuwa amelipa tundu la MIC mzigo unaozidi uwezo wake mara mia.

Chukua mathalani kwamba hatua ya kwanza ya amplifaya hukuza umeme mara 200, na kwamba umeme unaoiendesha hatua hiyo ni wa volti 12. Milivolti 3 za maikrofoni zitakuwa milivolti 600, yaani volti 0.6, na mambo yatakwenda salama. Milivolti 300 za simu zingepaswa kuwa volti 60. Lakini volti 60 zitatoka wapi katika hatua yenye volti 12? Chombo hakiwezi kutoa kisichokuwa nacho. Kila wimbi likifika kwenye ukomo hukatwa kichwa, likabaki bapa kama kilima kilichosawazishwa kwa trekta.

Kukatwa huko kuna madhara mawili. Kwanza, wimbi lenye kichwa bapa si lile lililorekodiwa. Ndani yake imezaliwa mitetemo mipya ambayo mnenaji hakuitoa, nayo husikika kama mkwaruzo. Pili, irabu, ambazo ndizo sauti zenye nguvu, haziwezi kupanda tena, lakini sauti dogo kama upepo, pumzi na mvumo wa nyaya huendelea kukuzwa hadi zikikaribia irabu kwa ukubwa. Hapo ndipo "saa sita" na "saa tisa" huchanganyika. Sikio huitambua t kwa kimya kifupi kinachotokea ulimi unapoizuia pumzi. Katika "saa tisa" kimya hicho huja mara baada ya neno "saa". Katika "saa sita" huja kati ya i na a. Kimya kikijazwa kelele, alama hiyo imefutika. S nayo ni kelele ya pumzi ambayo sehemu kubwa ya nguvu zake iko juu ya hezi 4,000. Ikizungukwa na kelele nyingine, haitambulikani.

Swali muhimu ni hili: kwa nini kupunguza sauti kwenye amplifaya hakukusaidia? Jibu ni kwamba katika amplifaya nyingi kifundo cha sauti kimewekwa baada ya hatua ya kwanza. Uharibifu umekwisha kutendeka kabla sauti haijafika kwenye kifundo, nacho hupunguza tu kile kilichokwisha haribika. Uji ulioungua hautengenezwi kwa kumimina kidogo.

Kupunguza sauti kwenye simu yenyewe kwaweza kusaidia, kwa sababu simu iko kabla ya hatua hiyo. Hata hivyo, rekodi iliyopunguzwa sana hukaribiana na kelele za simu na za waya. Dawa halisi ni kutumia tundu lililotengenezwa kwa ajili ya vicheza rekodi, ambalo huandikwa AUX au LINE. Kama amplifaya ina tundu la MIC peke yake, umeme wa simu hugawanywa kwanza kwa rezista mbili. Rezista ya omu 10,000 hufungwa mfululizo na waya wa sauti, kisha rezista ya omu 100 hufungwa kati ya waya huo na waya wa ardhi, na tundu la MIC huchukua umeme ulio juu ya ile ndogo. Hesabu ni rahisi:

300 × 100 ÷ (10,000 + 100) = 2.97

Milivolti 300 zimekuwa kama milivolti 3, na amplifaya haitajua kwamba si maikrofoni. Tahadhari moja yafaa kutajwa hapa: baadhi ya amplifaya na miksa za siku hizi hupeleka volti 48 katika tundu la maikrofoni ili kuendesha maikrofoni za aina fulani. Swichi ya volti hizo lazima izimwe kabla ya kuunganisha simu, la sivyo simu yaweza kuharibika.

Kosa la pili: sauti iliyojifuta yenyewe

Kimya cha tundu la LINE kinashangaza zaidi kuliko ngurumo, nacho kimewafanya watu wengi wadhani kwamba rekodi zao zimefutika. Maelezo yake yamo katika kutoa hesabu ya darasa la kwanza.

Amplifaya za mikutano hutumia nyaya ndefu, na waya mrefu hunasa kelele njiani. Ili kuishinda kelele, wahandisi walibuni njia ya nyaya tatu. Mmoja ni wa ardhi. Miwili iliyosalia hubeba sauti ile ile, lakini mmoja huibeba ikiwa imepinduliwa: huu ukipanda, ule hushuka. Kwenye tundu, amplifaya hutoa umeme wa waya wa pili katika ule wa kwanza. Kwa kuwa kelele iliyonaswa njiani ni sawa katika nyaya zote mbili, kelele kutoa kelele ni sifuri. Sauti nayo, kwa kuwa imepinduliwa katika waya mmoja, haijifuti bali hujiongeza maradufu. Ni ubunifu wa hali ya juu.

Plagi ya simu nayo ina nyaya tatu, lakini maana yake ni tofauti kabisa. Mmoja ni wa ardhi, wa pili ni wa sikio la kushoto, na wa tatu ni wa sikio la kulia. Plagi hiyo ikiunganishwa moja kwa moja na tundu la nyaya tatu, amplifaya hufanya kazi yake kwa uaminifu: inatoa kulia katika kushoto. Sauti ya mzee ilirekodiwa kwa maikrofoni moja ya simu, hivyo kushoto na kulia ni sawasawa. Basi:

0.3 − 0.3 = 0

Sauti ya marehemu haikufutwa na mtu. Ilijifuta yenyewe ndani ya amplifaya. Katika wimbo wa kwaya, mafundi wa studio waliwaweka waimbaji katikati, yaani kwa kiasi sawa kushoto na kulia, ilhali kinanda na ngoma waliviegemeza upande mmoja au mwingine. Waimbaji wakatoweka, vyombo vikabaki. Mtu anayesikia muziki bila waimbaji sasa anajua kwamba halikumbi rekodi mbovu, bali waya uliofungwa vibaya.

Dawa ni kuchanganya kushoto na kulia kwanza, kisha kupeleka sauti hiyo moja katika waya mmoja wa amplifaya, huku waya wa kupinduliwa ukiunganishwa na ardhi. Lakini nyaya za kushoto na kulia zisifungwe pamoja hivi hivi. Kila upande wa simu ni kama amplifaya ndogo yenye ukinzani mdogo wa ndani, tuseme omu 10. Ikiwa kushoto kuna volti 0.3 na kulia kuna sifuri, mkondo utapita kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kiasi cha 0.3 ÷ 20, yaani ampea 0.015, na kila upande utamlemea mwenzake. Kila upande ukipitia kwanza katika rezista ya omu 1,000, mkondo huo hushuka hadi ampea 0.00015, yaani chini ya sehemu moja kwa mia. Rezista mbili za bei ndogo zimeleta amani.

Kosa la tatu: mvumo usiokoma

Chukua sasa kwamba nyaya zimerekebishwa, lakini betri ya simu imekwisha na rekodi imehamishiwa katika kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme upande wa pili wa jengo. Sauti ya mzee inasikika, bali chini yake kuna mvumo mzito usiokoma. Mvumo huo ni sauti ya gridi yenyewe. Umeme wa hapa nchini ni mkondo geu wa hezi 50, na mvumo wa hezi 50 au 100 ni alama ya vidole vyake.

Mvumo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Waya wa sauti ukilazwa sambamba na waya wa umeme kwa mita nyingi, huvuna sehemu ya mabadiliko hayo. Waya hizo zitenganishwe, na pale zinapolazimika kukutana zivukane kama njia panda, wala zisifuatane. Waya wa sauti uwe ule uliozungukwa na wavu wa shaba uliounganishwa na ardhi, ambao husaidia kuzuia kelele za nje.

Njia ya pili ni duara la ardhi. Amplifaya imeunganishwa na ardhi kupitia plagi yake, kompyuta nayo vivyo hivyo kupitia soketi nyingine, kisha waya wa sauti unaziunganisha kwa mara ya pili. Tayari duara limekamilika. Tofauti ndogo ya volti kati ya ardhi za soketi mbili huendesha mkondo katika duara hilo, na sehemu ya mkondo hupita katika waya wa sauti. Kipimo chake hakihitaji chombo: kompyuta ichomolewe kwenye umeme na iendeshwe kwa betri yake. Mvumo ukikoma, chanzo ni duara la ardhi. Dawa ni kuchomeka vyombo vyote katika soketi moja, au kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha katika njia ya sauti, ambayo hupitisha mitetemo bila kuunganisha nyaya za ardhi.

Ipo dawa ya tatu ambayo huua. Baadhi ya watu hukata mguu wa ardhi wa plagi ya amplifaya, au huchomeka plagi ya miguu miwili kwa kufungua soketi kwa kijiti. Ni kweli kwamba mvumo waweza kukoma. Lakini waya wa ndani ukichubuka na kugusa sanduku la chuma, sanduku hupata volti 230, na maikrofoni ya chuma iliyounganishwa nalo pia. Mnenaji ameishika maikrofoni hiyo, naye amesimama penye majani yaliyolowa umande. Mwili wenye unyevu waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Gawanya 230 kwa 1,000: ni ampea 0.23, yaani miliampea 230. Vikata umeme vya usalama wa watu hutengenezwa kukata kwenye miliampea 30. Hakuna hotuba inayostahili bei hiyo.

Safari ya kwenda nguzoni

Upande wa kutokea wa amplifaya nao una milango tofauti. Amplifaya ya wati 100 yenye mlango wa omu 8 hutoa kama volti 28. Spika ikiwa mbali mita 100, umeme hupita mita 200 za waya, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa unene wa milimita mraba 1 kwa urefu huo una ukinzani wa karibu omu 3.4. Matokeo yake ni kwamba spika ya omu 8 hupata kama wati 49 tu, na wati nyingine 21 hupasha moto waya.

Kwa sababu hiyo amplifaya nyingi za mikutano zina mlango wa volti 100, na kila spika huwa na transfoma yake ya kushusha volti. Kwa kazi ile ile na waya ule ule, mkondo hauzidi ampea 1, na spika hupata wati zaidi ya 90. Ni kanuni ile ile inayofanya umeme wa Kidatu upelekwe Dar es Salaam kwa kilovolti 220. Lakini spika ya omu 8 isiyo na transfoma isiunganishwe kamwe na mlango wa volti 100. Ingedai wati 1,250, na ama koili yake itaungua, ama amplifaya itaumia.

Utaratibu wa fundi makini

Mwalimu anayetunza vyombo vya shule aweza kubandika maagizo yafuatayo ndani ya kifuniko cha sanduku:

1. Hakikisha plagi ya amplifaya ina mguu wa ardhi na kwamba soketi ni nzima.
2. Unganisha nyaya zote wakati amplifaya imezimwa na vifundo vyote viko kwenye sifuri.
3. Ingiza kicheza rekodi katika AUX au LINE, kushoto na kulia zikiwa zimechanganywa kupitia rezista.
4. Washa kicheza rekodi kwanza na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya.
5. Weka sauti ya simu juu kidogo ya nusu, kisha pandisha ya amplifaya polepole.
6. Tembea hadi mwisho wa uwanja, usikilize mwenyewe. Anayekaa mezani hawezi kuhukumu.

Majaribio mawili ya darasani

Jaribio la kwanza halihitaji amplifaya. Chukua betri kavu ya volti 1.5, rezista ya omu 10,000 na nyingine ya omu 100. Zifunge mfululizo na betri, kisha pima volti zilizo juu ya ile ndogo kwa mita. Kabla ya kupima, kila mwanafunzi akokotoe jibu. Linapaswa kukaribia milivolti 15. Kama mita imetoa jibu tofauti sana, darasa litafute sababu.

Jaribio la pili hupima kueleweka. Mwanafunzi mmoja aandike orodha ya maneno 20, kila neno likiwa "sita" au "tisa" bila mpangilio maalumu, kisha aisome kupitia kipaza sauti cha shule. Wenzake waliosimama mwisho wa uwanja waandike wanachosikia. Anayebahatisha tu atapata karibu 10. Kwa hiyo, kipaza sauti kinachowapa wasikilizaji 10 au 11 hakiwaambii kitu, hata kama kinasikika hadi kijiji cha pili. Kikirekebishwa na alama zikapanda hadi 19 au 20, sasa kinasema.

Huko Qurus rekodi ikisha kupitishwa mlango ulio wake, kazi ya fundi imekwisha. Fungu la kwanza la slufay linafika hadi ukingoni mwa uwanja, na mwisho wake unasikika. Watu hawaambiwi waitikie. Wanaitikia.